Ukurasa wa Sitini na Moja

Mnaniita Mwalimu, na mimi sikuwahi kufundisha hata siku moja. Huku kwetu mtu akionekana na kalamu mfukoni mara mbili mfululizo basi keshakuwa mwalimu, na kubisha ni kujichosha bure. Nimeandika riwaya tatu, hadithi za watoto wa shule za msingi, michezo ya redio, kijitabu cha kilimo cha mbaazi, na maisha ya watu kumi na tisa, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Mwezi uliopita nilimaliza kitabu changu cha mwisho, nikawaambia wachapaji wasinitafute tena. Ninyi mnaokutana Jumamosi nyuma ya maktaba pale mjini Wote mkaniomba niwaandikie jinsi kazi hii inavyofanywa. Nitawaandikia. Ila sitawaficha kwamba kuna kazi moja ninayotaka muijue kuliko zote, na si kwa sababu niliifanya vizuri.

Nilianzia Kitui mjini, katika duka la uchapaji lililokuwa nyuma ya soko. Tulichapisha kadi za harusi, risiti, vitabu vya nyimbo za kwaya, na zaidi ya yote programu za mazishi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwembamba, Madam Ndunge, aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kila mara alikuwa akitafuta ule wa kichwani. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi yenye majina na tarehe, akaniambia niandike wasifu wa marehemu, mzee fulani wa upande wa Mutomo. Nikaandika kwamba alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mcha Mungu na mwenye bidii. Niliona nimeandika vizuri sana.

Madam Ndunge alisoma akanirudishia. Akaniuliza huyu mzee alikuwa akitia sukari vijiko vingapi kwenye chai. Nikamwambia sijui. Akasema basi sijui lolote juu yake, nirudi kwa familia nikaulize. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima. Kumbe mzee hakuwa akitumia sukari kabisa. Mwaka mmoja wa njaa sukari ilipokuwa haba aliwaachia watoto, na watoto walipokua akawa ameshazoea. Tuliandika hivyo. Siku ya mazishi, niliambiwa, watu walisikiliza kimya mpaka hapo kwenye sukari, kisha binti yake mkubwa akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Hayo ndiyo masomo yangu yote, na yalinichukua miaka saba. Madam alinifundisha kukaa jikoni. Alisema sebuleni nitapewa soda, jikoni nitapewa moshi, na habari zangu ziko kwenye moshi. Alinifundisha kutumia penseli, kwa sababu ukishuka Kibwezi na biro kwenye joto lile, wino utakumalizia shati kabla hujamaliza ukurasa. Nilipoanza kutembea na rekoda alinipa sheria nyingine: nisirekodi kitu kingine juu ya sauti ya mtu. Kaseti zilikuwa shida kupata, na sote tulikuwa tukizitumia mara mbili mbili. Nilimwitikia ndiyo, Madam, kama mtu anavyoitikia mambo anayoona hayamhusu.

Riwaya ya kwanza niliiandika Kibwezi, nikiwa nimepanga chumba kwa mkulima wa nyanya. Ilihusu mtu aliyezuia mto kwa ajili ya shamba lake, na wenzake wa chini wakakauka. Ilipotoka, mama mmoja alinisimamisha barabarani akanigombeza kwa kumuua shujaa. Alitaka kujua ni familia gani hasa ilifiwa, apeleke pole. Nilimwambia ni mambo ya kubuni, hajaniamini mpaka leo. Nawaeleza hili kwa sababu ni jambo lililonichosha maisha yangu yote. Ukiandika riwaya, watu wanakukalia kooni uwaambie kama ni kweli. Ukiandika maisha ya mtu halisi, hakuna anayekuuliza.

Sasa nifike kwa Mama Kavata.

Alikuwa mjane mzee wa Kathonzweni. Ndiye aliyetoa ardhi ambayo kanisa lao limejengwa, na ndiye aliyewafundisha kina mama wengi wa pale kusoma, chini ya paa la makuti kabla ya kuwa na mabati. Kanisa lilipoanza kujenga jengo jipya la mawe, wazee wa kanisa waliamua maisha yake yaandikwe, kitabu kitoke siku ya kulifungua. Aliyekuja kunichukua ni Kioko, mtoto wa shemeji yake, naye mzee wa kanisa pia. Mtu msafi, mpole wa maneno, suti ya kijivu hata siku ya jua kali.

Kwa wiki tatu nilikaa sebuleni kwa Mama Kavata, Kioko akiwa kiti cha pembeni. Nilipewa soda. Mama alijibu kila swali kama mtu anayesoma tangazo. Ikafika siku moja Kioko amekwenda Emali kununua simiti, na mama akaniambia, "Mwalimu, chukua hiyo mashine yako uje jikoni." Huko jikoni alikuwapo Mumbua, mwanamke wa makamo niliyekuwa nikimwona akipita na maji. Alikuwa akipepeta muthokoi, yale mahindi tunayoyakoboa na kuyapika na maharagwe. Nikabonyeza rekoda, Mama Kavata akaanza kuzungumza, na safari hii alikuwa mtu mwingine.

Alisema mume wake alikufa mapema, hawakupata mtoto. Ndugu za mume, na wa kwanza wao alikuwa baba yake Kioko, walimwambia nyumba isiyo na mtoto wa kiume itafungwa na shamba lirudi kwao. Basi akafanya jambo ambalo desturi yetu inaliruhusu. Mwanamke asiye na mwana huoa msichana aje katika nyumba yake, kana kwamba anamwolea mwana aliyepaswa kumzaa. Msichana huyo huitwa iweto, na watoto anaowazaa, hata baba yao awe nani, ni wajukuu wa nyumba ile, kwa jina na kwa ardhi. Kinachofunga ndoa ni mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa nyumbani kwa msichana. Mama Kavata aliwapeleka mwenyewe kwa miguu, mbuzi watatu, kwa kina Mumbua ng'ambo ya mto. Mmoja alikuwa kilema wa mguu wa mbele, na baada ya kuvuka mto aligoma kabisa, basi mama akambeba shingoni mpaka getini.

Mumbua alizaa watoto wanne. Mvulana wa kwanza akapewa jina la marehemu mume wa Kavata, kama mjukuu anavyopewa jina la babu yake. Wote walimwita Kavata susu, yaani bibi, na Mumbua alimwita mwaitu, mama yangu. Kanisa lilimtenga Mama Kavata kwa muda kwa ajili ya ndoa hiyo, halafu likamrudisha, kisha likanyamaza kama vile jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Uandike hivyo hivyo," mama aliniambia. Mumbua alinipakulia muthokoi iliyokuwa tayari chunguni, nikala, nikamshukuru.

Mama Kavata alifariki kabla kitabu hakijakwenda mashineni. Niliwapelekea wazee wa kanisa nakala ya kusoma, na Kioko akanialika ofisini kwao, yeye na wenzake wawili. Walikisifu sana. Halafu Kioko akafungua mahali alipokuwa ameweka alama, akanieleza kwa upole kwamba kitabu hiki kitasomwa na watoto wa Sunday school, na wageni kutoka makao makuu ya kanisa, na haifai mwanzilishi wa kanisa aonekane ameoa mwanamke. Hakuna haja ya kumtoa Mumbua kabisa, alisema. Awekwe tu kama msaidizi wa nyumbani. Mbuzi watoke.

Mnataka kujua nilisema nini. Nilisema nitaona. Nikaenda nyumbani nikabadilisha. Nilijiambia ni maneno machache tu katika kurasa mia moja na ishirini. Nilijiambia Mumbua hasomi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekipenda kitabu, nilitaka kukiona kimetoka na jina langu juu, na niliogopa kukikosa. Ukurasa wa sitini na moja ulitoka hivi: katika uzee wake alitunzwa na msaidizi wake mwaminifu, Mumbua, pamoja na watoto wa Mumbua. Hilo la uaminifu sikuambiwa na mtu. Nililiongeza mwenyewe ili nijisikie vizuri.

Siku ya kufungua kanisa Mumbua alipika. Nilisaini vitabu mpaka mkono ukachoka, na yeye nikampa nakala yake bure. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwisha Mumbua alipokuja kwangu Wote, asubuhi, akiwa na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Mke wangu alimkaribisha sebuleni, akakataa, akaingia jikoni. Nikamfuata. Alinieleza kwamba Kioko amekwenda kwa chifu na barua. Barua inasema nyumba ya Kavata haina mrithi, na mfanyakazi wa nyumbani huondoka mwenye nyumba anapokufa, na ushahidi ni kitabu kilichoandikwa na mtu msomi asiye na upande. Yeye na wanawe wamepewa mpaka mwisho wa mwezi. Binti yake, Mwikali, ndiye aliyemsomea ukurasa ule, akausoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Mumbua alidhani amekosea.

"Mwalimu, wewe ulikula muthokoi yangu siku ile," aliniambia. "Mwaitu alikuambia mimi ni nani, na mimi nikiwa hapo. Sasa umeniandika mfanyakazi. Hawa watoto nitawaambia ni wa nani?"

Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha. Nilimwambia nina sauti ya mama kwenye kaseti, nitaileta kwa chifu, na mambo yatakwisha. Aliondoka akiwa na matumaini, na mimi nikaenda kwenye sanduku langu la kaseti.

Niliipata, mwandiko wangu ukiwa juu yake: Kavata, jikoni. Chini ya hapo, kwa penseli nyepesi zaidi: Mbaazi, Kiboko. Niliiweka kwenye rekoda. Sauti ya mama ikatoka, safi kabisa, na nyuma yake mlio wa ungo. Akasema, "Nilichukua mbuzi watatu, mimi mwenyewe, nikawapeleka..." Kisha mkwaruzo, na baada yake afisa wa kilimo niliyemhoji kule kituo cha utafiti Kiboko akaanza kueleza nafasi kati ya mbegu na mbegu. Ikafuata sauti yangu mwenyewe, nyororo na ya kujiamini, ikiuliza mbaazi hukomaa baada ya miezi mingapi. Nilikuwa nimekosa kaseti mpya siku ile. Nilikaa sakafuni nikalia, na siwaambii hili kwa kuona haya.

Kilichobaki ni daftari. Jioni ya ile siku ya jikoni nilikuwa nimeandika kwa penseli yote niliyoyakumbuka, mbuzi, mto, mguu wa mbele. Joto na vumbi la miaka ya safari vilikuwa havijayafuta. Nikachukua daftari na kaseti, nikaenda Kathonzweni.

Kikao kilifanywa katika ukumbi wa chifu, wazee wa ukoo wakiwa mbele, Kioko na suti yake upande mmoja, Mumbua na wanawe upande mwingine. Niliomba nisikilizwe. Nilicheza kaseti. Mama Kavata alipoanza kuongea watu wengine walifunika midomo, maana walikuwa hawajaisikia sauti hiyo tangu azikwe. Kisha ikaja mbaazi, na nyuma ya ukumbi mtu akacheka. Nikazima. Nikasema sentensi ile inaishia kwa kina Mumbua ng'ambo ya mto, kwamba mbuzi wale walikuwa wa ntheo, kwamba Mumbua ni iweto wa nyumba ile, na kwamba nilijua hayo yote nilipoandika kitabu.

Kioko alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Mwalimu, sasa sisi tuamini gani? Kitabu chako ama mdomo wako?"

"Kitabu mlikisoma kwanza ninyi, mkakipitisha," nikamwambia. "Mdomo wangu haujapitishwa na mtu."

Mzee wa ukoo aliyeongoza kikao, mtu mfupi mwenye kikohozi, akaniuliza kama ninajua chochote kuhusu hao mbuzi zaidi ya idadi yao. Nikasema ninajua, yamo kwenye daftari langu. Akanyoosha kiganja kunizuia. Akamwita mjomba wa Mumbua, mzee aliyekuwa bado anaishi kule ng'ambo ya mto, na aliyekuwa amekaa nyuma muda wote bila kuulizwa lolote. Akanitaka nimpe daftari likiwa wazi, alishike mwenyewe, nami ninyamaze. Kisha akamwomba mjomba aeleze anakumbuka nini siku ile Kavata alipokwenda kwa kina Mumbua.

Mjomba alifikiri. Alisema hakumbuki mengi, alikuwa kijana. "Nakumbuka tu mama amekuja amebeba mbuzi kwa shingo, kama mchungaji mwanaume. Tukamcheka sana. Mbuzi alikuwa na mguu mbaya."

Mzee wa ukoo aliangalia daftari. Alisoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akampitishia mwenzake, naye akampitishia mwenzake. Nilisimama pale nikimfikiria Madam Ndunge na vijiko vya sukari. Mbuzi yule kilema nilikuwa nimemtoa kwenye kitabu kwa mkono wangu, kwa kuwa niliambiwa mbuzi watoke, na sasa ndiye aliyekuwa akiinusuru nyumba ya watu.

Mumbua alibaki katika boma lake, yeye na wanawe, na barua ya Kioko ilirudishwa. Sijui Kioko alijisikiaje. Tangu siku hiyo tukikutana sokoni huangalia dirisha la duka lililo karibu, hata likiwa limefungwa. Kanisa halikunipa kazi tena, na makanisa mengine yalisikia. Kwa miaka kadhaa nilirudi kwenye hadithi za watoto, ambako sungura hawana shemeji. Niliomba kitabu kichapishwe upya kikiwa kimerekebishwa, nikajibiwa kwamba nakala zilizopo zinatosha.

Basi nikaanza kuzifuata nakala zilizopo. Zilikuwa mia tatu. Naingia nyumba ya mtu, nasalimia, nakunywa chai, nauliza kama wana kile kitabu cha Mama Kavata. Kikiletwa, naomba ruhusa, nafungua ukurasa wa sitini na moja, nachukua rula na kalamu nyembamba nyeusi, nakata msaidizi wake mwaminifu, na juu yake naandika mke wa nyumba yake. Naweka sahihi. Mama mmoja alinikatalia kwa sababu kitabu cha kanisa hakichorwi. Kinyozi mmoja wa Kathonzweni alinipa chake bila kuniuliza, na nikakuta kurasa za mwisho zilishatumika kufutia wembe, ila ule wangu ulikuwepo. Nimefikisha mia moja na themanini na kidogo. Nimestaafu kazi nyingine zote isipokuwa hii, na kama mmoja wenu ana nakala kwao, Jumamosi aje nayo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa Mumbua. Sikuwa nimefika muda mrefu, kwa aibu tu. Amezeeka, na mwanawe mkubwa, yule mwenye jina la babu, alikuwa juu ya nyumba akibadilisha mabati. Nilimweleza kuhusu vitabu. Alikuwa anajua, watu wameshamwambia. Akaingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni, ule ule, na ndani yake kitambulisho chake na nakala yangu, karatasi zikiwa zimegeuka rangi ya chai. Nikaufungua ukurasa. Nilikuwa nimeshaweka rula Mumbua alipoweka kiganja chake juu ya maneno.

"Hii usiguse, Mwalimu."

Nikamwambia hii ndiyo niliyopaswa kuanza nayo.

"Ukiandika hapa, wajukuu watafikiria hakuna mtu aliwahi kutaka kunitoa nyumbani kwangu," akasema. "Wacha waone. Hiyo ingine wataona kwa vitabu vya watu."

Akakichukua kitabu, akakirudisha ndani ya mfuko pamoja na kitambulisho, akaufunga. Nilikuwa bado nimeshika rula. Nilimwambia nisamehe, kitu ambacho kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekiandika katika nyumba za watu wengine na sikuwahi kukisema katika yake.

Aliniambia niingie jikoni, muthokoi imeiva. Nikaingia, nikapewa sahani, naye akakaa kwenye kigoda mbele yangu akinitazama mpaka nikaimaliza.